Nowak: Mgeni Aliyefika Akabaki

Desemba 1943 mjumbe wa siri wa Armia Krajowa, jeshi la chini kwa chini la Poland, aliwasili London akiwa na ripoti za nchi yake iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Zdzisław Jeziorański. Hilo si jina la kuokota njiani. Ndani yake mna neno jezioro, yaani ziwa, na mtu akilisikia mara moja hulikumbuka. Lakini aliyeacha watu wake Warsaw mikononi mwa adui hatafuti jina la kukumbukwa. Akajiita Jan Nowak. Vita vikaisha, jina la kujificha halikumtoka tena: kuanzia 1952 hadi 1976 aliongoza idhaa ya Kipoland ya Radio Free Europe, na Wapoland walimzika mwaka 2005 kwa jina la Jan Nowak-Jeziorański.

Alichagua vizuri. Ukitaka kupotea Poland bila kutoka Poland, jiite Nowak. Watu wapatao laki mbili wanalibeba leo katika nchi yenye watu takriban milioni 38, karibu mtu mmoja katika kila 190. Ndilo jina la ukoo linaloongoza nchini humo, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu anayeona wingi huo hudhani kuna ukoo mmoja mkubwa uliozaana ukajaza nchi. Wapo wajukuu wa wahamiaji, huko Chicago au Lille, wanaotafuta "babu wa akina Nowak wote" kama vile palikuwa na mzee mmoja mwenye jina hilo. Hakuwapo. Walikuwapo mamia, na wengi wao hawakujuana.

Jina hili halikutaja damu. Lilitaja tukio: fulani alifika mahali wenzake walipokuwa wamekwisha kuketi. Ukilishika hilo, ramani nzima ya akina Nowak, kutoka mashamba ya Poznań, magharibi mwa Poland, hadi migodi ya Ruhr huko Ujerumani, huanza kusomeka.

Neno lenyewe

Kwa Kipoland, nowy ni "-pya". Mzizi huo ni wa kale kuliko Poland. Uko katika Kilatini, katika Kigiriki, na uko katika Kiajemi, ambako "mpya" ni no au nau. Huyo wa Kiajemi wenyeji wa pwani yetu wanamjua bila kujua kwamba wanamjua: Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya inayosherehekewa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, inatokana na nau na ruz, siku mpya. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya Nairuzi na sehemu ya kwanza ya Nowak ni ndugu wa mbali, waliotoka tumbo moja la lugha maelfu ya miaka iliyopita.

Sehemu ya pili, -ak, ni kiambishi cha kuunda watu. Ryba ni samaki, rybak ni mvuvi. Śpiewać ni kuimba, śpiewak ni mwimbaji. Mtu wa Poznań ni poznaniak, mtu wa Warsaw ni warszawiak. Kazi tunayoifanya sisi kwa m- mwanzoni mwa neno, wao huifanya mwishoni. Nowy pamoja na -ak ni mtu wa upya, mtu mpya, na kwa Kiswahili nadhani hakuna neno linalokaa vizuri zaidi ya mgeni. Katika Kipoland cha zamani nowak lilikuwa neno la kawaida kabisa, halikuandikwa kwa herufi kubwa. Aliitwa hivyo mhamiaji aliyetoka kijiji kingine, na pia mwanafunzi wa kazi aliyeanza juzi.

Herufi w husomwa kama v yetu, kwa hiyo jina hutamkwa "Novak", na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa jambo hilo sisi tunalitamka vizuri kuliko Waingereza.

Mashabiki wa tenisi watakuwa wamekwisha kumfikiria Novak Djokovic. Neno ni lilelile, ila kwa Waserbia Novak ni jina la kupewa mtoto, si jina la ukoo. Hana undugu na Wapoland wa Poznań kwa sababu ya jina lake, kama vile Mgeni wa Pemba asivyokuwa ndugu wa Mgeni wa Lamu.

Nani alimwita mgeni?

Hakuna mtu anayejiita mgeni nyumbani kwake. Jina la namna hii hutolewa na wenyeji, na hutolewa mahali ambapo wenyeji wote wanajuana. Mgeni ni kuku mweupe, anaonekana kutoka mbali. Kijijini kwenye kaya 15 au 20, ambako kila mwanamume ni Jan, Piotr au Wojciech, mtu akitokea na mke na ng'ombe wawili haulizwi jina la babu yake. Ataitwa Jan yule mpya. Miaka 30 baadaye hana upya wowote, ila jina limeganda. Mwanawe aliyezaliwa palepale, ambaye hajawahi kuhama hata siku moja, naye anaitwa Nowak.

Kwa nini basi wageni walikuwa wengi kiasi hicho? Sababu ya kwanza ni ardhi. Tangu karne ya 13 wafalme, maaskofu na makabaila wa Poland walikuwa wakifungua vijiji vipya msituni. Ili kuwavuta watu waliwaahidi miaka kadhaa bila kodi wala ushuru mpaka shamba lizae. Ahadi hiyo imebaki katika ramani: Poland ina vijiji vingi vinavyoitwa Wola au Ligota, na maneno hayo yanakumbuka uhuru wa miaka ile ya mwanzo. Shamba lililofyekwa kwa mara ya kwanza liliitwa nowina. Aliyekuja kulima nowina katika Wola fulani alikuwa na kila sababu ya kuitwa Nowak. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nowak wa Poland ndiye aliyelipokea jembe hilo.

Sababu ya pili haina uzuri huo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 mkulima wa Poland alifungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Sheria ya mwaka 1496 iliruhusu mkulima mmoja tu kwa mwaka kuondoka katika kila kijiji, na mwaka 1520 ikawekwa kanuni kwamba kila mkulima atamfanyia bwana kazi bila ujira angalau siku moja kwa wiki. Siku moja ikawa tatu, mahali pengine zaidi. Watu walikimbia. Walitoroka usiku na familia zao wakavuka hadi mashamba ya kabaila mwingine aliyekuwa na upungufu wa wafanyakazi, na huyo hakuwa na haja ya kuuliza sana walikotoka. Mkimbizi wa namna hiyo naye hakutaka jina la kijiji chake cha zamani limfuate. Kuitwa "mpya" tu, bila kusema mpya kutoka wapi, kulimfaa. Kila nikiwaza hilo hunijia yule mjumbe wa 1943. Karne kadhaa zilikuwa zimepita na jina bado lilikuwa linaficha watu.

Halafu kulikuwa na vita na tauni. Waswidi walipoivamia Poland kati ya 1655 na 1660, vijiji vingi viliteketea au vikabaki na kaya chache. Vita vya Kaskazini vya 1700 hadi 1721 na tauni iliyoandamana navyo vikarudia uharibifu huo. Nyumba tupu zilipata wakazi wengine, na aliyeingia katika shamba la marehemu alikuwa mpya hata kama alitoka kijiji cha jirani.

Maelezo mengine nayo hutajwa: kwamba wapo walioitwa hivyo kwa kuwa walibadili dini. Kwa familia moja moja inawezekana. Haiwezi kueleza laki mbili. Palipo na maelezo mepesi ya uhamiaji wa wakulima, sioni haja ya kumbebesha kila Nowak siri ya ubatizo.

Jina la utani linakuwa jina la serikali

Kwa muda mrefu jina hili lilikuwa legelege. Mtu aliweza kuwa Nowak kijijini kwake na kuitwa kwa jina la baba yake sokoni. Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, uliwataka maparoko waweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na kuanzia hapo majina yakaanza kushikwa na wino. Hata hivyo wino haukuyatuliza mara moja. Anayefungua vitabu vya parokia vya karne ya 17 na 18 hukutana na mtu mmoja aliyeandikwa Nowak wakati wa ndoa, kisha kwa jina la shamba alikooa wakati wa ubatizo wa mwanawe, na pengine kwa yote mawili yakiunganishwa na neno la Kilatini alias. Mwanamume akihamia shamba la mkewe, jina la shamba lingeweza kummeza. Na kinyume chake: mtu mwenye jina zuri la kwao akihamia kijiji kingine aligeuka Nowak uzeeni.

Kilichogandisha majina ni dola. Kati ya 1772 na 1795 Prusia, Austria na Urusi ziligawana Poland mara tatu mpaka ikafutika kwenye ramani. Kila moja ilitaka kodi na askari, na huwezi kudai kodi kwa mtu ambaye jina lake linabadilika kila anapohama. Mwaka 1808, katika Utawala wa Warsaw ulioundwa na Napoleon, sheria zake zilileta uandikishaji wa kiraia wa kuzaliwa, ndoa na vifo. Kuanzia hapo aliyekuwa Nowak siku karani alipochovya kalamu, alibaki Nowak, na uzao wake wote nyuma yake.

Mgawanyo huo wa mataifa matatu ndio unaowatesa watafiti wa nasaba hadi leo. Upande wa Prusia karani wa Kijerumani aliweza kuandika Nowack. Upande wa Austria padri aliandika kwa Kilatini. Upande wa Urusi, kuanzia 1868, madaftari yalitakiwa kuandikwa kwa Kirusi, na Nowak akageuka Новак. Ndugu watatu waliotawanyika pande tatu za mpaka wangeweza kufa wakiwa na maandishi matatu ya jina moja.

Kwa nini si Kowalski?

Watu wengi wakitaka kumtaja Mpoland wa kawaida husema Jan Kowalski. Wapoland wenyewe hufanya hivyo. Kwenye fomu za mfano utaona Jan Kowalski, na mara nyingi kando yake Anna Nowak. Lakini kwa hesabu Kowalski ni wa pili. Hata ukijumlisha Kowalski wanaume na Kowalska wanawake hufikii laki moja na nusu.

Tofauti ya majina haya mawili ni tofauti ya tabaka, angalau kwa asili. Mwisho wa -ski ni wa sifa, maana yake "wa" mahali au kitu fulani, na mwanzoni ulikuwa fahari ya makabaila waliojiita kwa mashamba yao: bwana wa Wiśniewo akawa Wiśniewski. Watu wa kawaida wakautamani. Mhunzi ni kowal, mtoto wake akawa Kowalski, na wako akina Nowak walioona jina lao lina harufu ya udongo wakajiita Nowakowski au Nowacki. Nowaczyk, kwa upande mwingine, ni mtoto wa Nowak tu. Ndiyo maana ukihesabu jamaa wote wa neno hili, wale waliojirembesha na wale waliobaki na jembe, hesabu inapita mbali ile ya laki mbili.

Kwa wanawake jina hili lina desturi ya peke yake. Kowalski hugeuka Kowalska kwa mwanamke, kwa sababu ni kivumishi. Nowak ni nomino, halibadiliki: Bwana Nowak na Bibi Nowak. Zamani mke alikuwa Nowakowa na binti asiyeolewa Nowakówna, na majina hayo yamejaa katika vitabu vya karne ya 19. Leo yanasikika kwa wazee na kwa waigizaji. Lakini usidhani kutobadilika kwa jina kumefuta tofauti kabisa. Ukisema "namwona Nowak" kwa Kipoland, mwanamume hupata kiambishi, Nowaka, na mwanamke hubaki Nowak. Msikilizaji anajua jinsia bila kuambiwa.

Ramani ya ndani

Ukitazama Poland ya leo, jina limejaa magharibi na kusini: Wielkopolska, jimbo la Poznań, kisha Silesia na Małopolska, jimbo la Kraków. Ukisogea kaskazini mashariki, upande wa Podlasie na Białystok, linapungua sana.

Wielkopolska ina sababu ya kilugha. Huko kiambishi -ak kilikuwa chombo cha kila siku cha kumtaja mtu na mtoto wake, kwa hiyo ndiko utakakowakuta kwa wingi akina Walczak, Szymczak na Ratajczak. Masikio ya watu yalikwisha kuzoea jina la namna hiyo. Mgeni alipofika, Nowak ndiyo sauti iliyokuja mdomoni. Podlasie kulikuwa na vijiji vingi vya makabaila wadogo, maskini kama wakulima wao lakini wenye kung'ang'ania -ski yao, na karibu nao Wabelarusi wenye desturi zao za majina. Mgeni wa huko alipata jina jingine.

Kisha ikaja 1945, na ramani ikatikiswa kama ungo. Mpaka wa Poland ulisukumwa magharibi. Maeneo ya mashariki yalikwenda kwa Umoja wa Kisovieti, na Poland ikapewa nchi iliyokuwa ya Wajerumani: Breslau ikawa Wrocław, Stettin ikawa Szczecin. Wajerumani waliondolewa, na mamilioni ya Wapoland wakaingia katika nyumba zilizokuwa bado na vyombo mezani. Wengine walifukuzwa mashariki, wengine walitoka Poland ya kati na Wielkopolska kutafuta ardhi. Akina Nowak walikuwa miongoni mwao, na ndiyo maana jina sasa ni la kawaida hata Wrocław na Zielona Góra, miji ambayo miaka mia moja iliyopita ilikuwa ya Kijerumani. Miaka hiyo kila mtu huko alikuwa nowak kwa maana ya zamani. Hapakuwa na mwenyeji wa kumwita mwenzake mgeni.

Majirani wanaofanana

Kosa la pili linalowapata wengi, baada ya lile la babu mmoja, ni kudhani kila Nowak au Novak ni Mpoland. Neno "mtu mpya" liliwafaa Waslavoni wote. Katika Jamhuri ya Czech Novák ndilo jina linaloongoza. Katika Slovenia, nchi ya watu wapatao milioni mbili, Novak ndilo linaloongoza pia. Liko Slovakia, Kroatia, Ukraine na Hungary, ambako Katalin Novák alikuwa rais kuanzia 2022 hadi 2024. Kwa Wacheki mwanamke ni Nováková, na ni mwaka 2022 tu ndipo sheria ilipomruhusu kila mwanamke kuchagua umbo la kiume akitaka.

Tahajia inachanganya zaidi. Utasikia watu wakisema kwamba w ni ya Mpoland na v ni ya Mcheki. Kwa leo ni kweli, kwa jana si kweli. Wacheki nao waliandika w hadi katikati ya karne ya 19. Tena walipohamia Vienna kwa maelfu kufanya kazi, walikuta Wajerumani wanaisoma v kama f, kwa hiyo w iliwafaa kubaki nayo. Nowak wa Vienna basi anaweza kuwa na bibi Mcheki na asiwe na Mpoland hata mmoja katika nasaba yake.

Mashariki mwa Ujerumani, karibu na Cottbus, wanaishi Wasorbi, Waslavoni wachache waliobaki katikati ya Wajerumani. Kwao jina lilisuguliwa na midomo ya Kijerumani likawa Noack. Familia za Noack hazikuhama kutoka Poland. Zilikuwapo palepale, Ujerumani ikawazunguka.

Kufuata mkate

Wapoland wana msemo wa kuondoka "za chlebem", kufuata mkate. Kuanzia miaka ya 1870 vijana wa Wielkopolska, Silesia na Prusia Mashariki walipanda treni kwenda bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, kuchimba makaa ya mawe: Bochum, Herne, Gelsenkirchen, Dortmund. Wote walikuwa raia wa dola ya Ujerumani, hawakuvuka mpaka wowote. Waliendelea kuwa wageni hata hivyo. Walianzisha gazeti lao, Wiarus Polski, huko Bochum mwaka 1890, na vyama vya kuimba na vya kusali kwa Kipoland, huku serikali ikiwabana wasiitumie lugha yao mikutanoni. Wengine waligeuza majina yao yawe ya Kijerumani. Nowak lilikuwa fupi na jepesi, likapona mara nyingi zaidi kuliko majina yenye konsonanti nne mfululizo. Miaka ya 1960 beki Hans Nowak, mzaliwa wa Gelsenkirchen, alichezea Schalke 04 na timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi, na hakuna shabiki aliyeona ajabu. Leo Nowak ni miongoni mwa majina ya Kislavoni yanayoonekana mara nyingi zaidi Ujerumani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ufaransa ilikuwa na migodi iliyobomolewa na wanaume waliokufa. Septemba 1919 ilitia saini mkataba na Poland wa kuleta wafanyakazi. Wengine walitoka Poland moja kwa moja, wengine walihama kutoka Ruhr, wachimba makaa wazoefu waliobadilisha shimo tu. Kufikia mwaka 1931 Wapoland waliokuwa Ufaransa walikuwa wapatao nusu milioni. Upande wa Lens na Lille majina yao yapo mpaka leo kwenye milango na kwenye makaburi. Wenye majina marefu waliyakata: mwanasoka Raymond Kopa, mshindi wa Ballon d'Or 1958, alizaliwa Kopaszewski katika familia ya wachimba makaa. Nowak halikuwa na cha kukata.

Marekani ilipokea wengi kuliko wote. Chicago, Detroit, Milwaukee na Buffalo zilijaa parokia za Kipoland kabla ya 1914. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina kwa uvivu wa masikio. Si kweli. Makarani walifanya kazi kwa orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni za meli huko Ulaya. Mabadiliko yalifanywa baadaye na wahamiaji wenyewe, kazini, shuleni, mahakamani. Kwa Nowak badiliko lilikuwa la herufi moja. Mmarekani akiona w husema w, kwa hiyo mtu aliyechoka kuitwa "No-wak" aliandika v, akarudisha sauti ya jina lake kwa kupoteza tahajia yake. Matokeo yake Novak wa Marekani wamechanganyikana kabisa. Wa Cleveland anaweza kuwa Mslovenia, kwa kuwa mji huo ulipokea Waslovenia wengi kuliko mwingine nchini humo. Wa Chicago anaweza kuwa Mpoland, au Mcheki kama ukoo wa mwigizaji Kim Novak, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1933.

Wimbi la karibuni lilianza tarehe 1 Mei 2004, Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya na Uingereza, Ireland na Swideni zikafungua soko lao la kazi. Hao walifika na pasipoti zao, na Nowak lao limebaki na w.

Hadi Tengeru

Nowak mmoja alifika Afrika kwa namna ya peke yake. Kazimierz Nowak, aliyezaliwa 1897 na kuishi Poznań, aliondoka mwaka 1931 wakati wa dhiki kuu ya uchumi, akiwa na baiskeli na kamera. Alinuia kuuza makala na picha magazetini ili mkewe na watoto wake wapate kula. Alianzia Libya, akashuka kupitia Misri, Sudan, Kongo ya Wabelgiji na Rwanda hadi ncha ya kusini ya bara, akageuka, akapanda tena hadi Algeria mwaka 1936. Alitembea kilomita zipatazo 40,000 kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Alifariki nyumbani Poznań Oktoba 1937, na leo kuna bamba la kumkumbuka katika kituo cha treni cha mji huo. Katika kila kijiji alichoingia, jina lake lilikuwa limekwisha kumtambulisha, kama angekuwapo wa kulitafsiri.

Miaka sita baada ya safari yake walikuja Wapoland wengine, si kwa hiari. Baada ya vita vyake na Wasovieti vya 1919 hadi 1921, Poland iliwagawia askari wake ardhi mpakani mashariki, na familia kutoka pande nyingi za nchi zikaenda kukaa huko. Februari 1940 Wasovieti, waliokuwa wameiteka mashariki ya Poland, waliwachukua walowezi hao kwanza na kuwapeleka Siberia na kaskazini mwa Urusi kwa mabehewa ya mizigo. Walioachiliwa mwaka 1941 walipita Iran, na maelfu ya wanawake, watoto na wazee wakasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kambi kubwa kuliko zote Afrika Mashariki ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Uganda zilikuwako Masindi na Koja. Tanganyika zilikuwako pia Kidugala, Ifunda na Kondoa. Makaburi yao ya Tengeru bado yanatunzwa, chini ya Mlima Meru, na majina yake yanasomeka. Kizazi kimoja cha familia hizo kilikuwa kipya mara tatu: mpakani, Siberia, na chini ya Meru.

Aliyetoka hapo, au Chicago, au Lens, na sasa anataka kujua asili yake, hasaidiwi sana na maana ya jina. Geneteka, hifadhidata ya mtandaoni ya chama cha nasaba cha Poland, inatoa wimbi la kumbukumbu ukiandika Nowak peke yake. Ongeza jimbo, wimbi linapungua. Ongeza parokia na jina la ukoo la mke kabla ya kuolewa, na mara nyingi wanabaki watu wachache wanaoweza kuhesabiwa kwa vidole. Katika utafiti wa akina Nowak wanawake ndio wanaofungua mlango, kwa sababu mke aliyeletwa kutoka kwa akina Ratajczak wa kijiji cha pili anatofautisha Jan Nowak mmoja na Jan Nowak kumi wengine. Yule wa kwanza, aliyetokea siku moja na ng'ombe wake wawili, mara nyingi hapatikani. Daftari linaanza akiwa amekwisha kufika.